Filamu Zenye Mwanga Mwingi

Mama yake Kitinda alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini na mmoja, enzi zile ambazo mtu akitaka kuongea na mji mwingine ilimbidi kwanza aongee na mwanamke aliyekaa mbele ya ubao wenye nyaya na vitundu. Alizijua sauti kama wengine wanavyozijua sura. Ukimwambia "halo" moja tu, alijua kama umelala vibaya, kama umetoka kulia, au kama unayetaka kumpigia siye mkeo. Alipostaafu, masikio yake yaliendelea na kazi. Macho ndiyo yaliyoomba likizo.

Presha ya macho ilimwingia polepole, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi mara tatu. Kwanza ziliondoka pembe za dunia, akawa anajigonga kwenye milango ya nyumba aliyoishi nusu ya maisha yake. Kisha katikati pakafanya ukungu. Alipotimiza miaka sabini na mbili, jicho la kulia lilikuwa giza tupu, na la kushoto lilibakiwa na mwanga tu: alijua dirisha liko wapi, alijua taa ikiwashwa, na mtu akipita mbele yake alimwona kama shuka lililoanikwa, basi.

Kitinda ndiye aliyebaki naye katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu. Alikuwa kitinda mimba, jina likakatwa alipokuwa mdogo na likamganda hadi alipofika miaka thelathini na tisa. Alikuwa mwokaji wa mikate. Aliingia kazini alfajiri, akatoka saa saba mchana akiwa na unga kwenye kope, na mchana wake wote uliobaki ulikuwa wa mama.

Kaka mkubwa, aliyekuwa akiishi mbali, alikuja mara moja akawaletea televisheni bapa na kuwaunganisha na huduma ya filamu za mtandaoni. "Humo mna kila kitu," alisema, akaondoka. Ni kweli mlikuwa na kila kitu, na hilo ndilo lililowashinda. Siku za mwanzo Kitinda alikaa na rimoti, akishuka na kupanda kwenye picha zisizoisha, huku bastola, maharusi, magari yanayoruka na watu waliopeana migongo vikipita mbele yake. Mama alisikia tik, tik, tik ya kidole.

"Unachagua filamu au unapepeta mchele?"

"Natafuta nzuri, mama."

"Tangu saa tisa? Huo mchele sasa ni unga."

Wakiishia kuchukua ya safu ya juu, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama alisikiliza robo saa, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesubiri laini iunganishwe, kisha anatoa hukumu. "Huyu mwanamume hasemi, anasoma." Au, "Risasi mia tatu, na hakuna hata mtu mmoja aliyekohoa." Halafu analala palepale kwenye kiti, na Kitinda anabaki peke yake na vita vya watu wasiomhusu.

Kule kwenye mikate kulikuwa na mzee wa tanuri waliyemwita Hamira, kwa sababu ukimwambia neno dogo yeye huliumua likajaa chumba. Asubuhi moja, wakisubiri trei ya kwanza iive, Kitinda alimweleza taabu yake.

"Mwonyeshe anime," alisema Hamira.

"Katuni? Kaka Hamira, mama yangu ni mtu mzima."

"Na mimi je? Nina miaka hamsini na nne na wajukuu wawili, na nazitazama. Nani alikwambia michoro ni ya watoto? Sikiliza dada. Ile safu ya juu wanakuwekea wanachotaka ukichukue. Ni kama mkate wa dirishani pale dukani kwetu. Wa dirishani ni wa kutazamwa, wa kula uko ndani. Ukikutana na filamu iliyokugusa, usikimbie ikiisha. Kaa usome majina. Nani aliongoza, nani alipiga muziki. Chukua jina moja, liandike pale pa kutafutia. Jina litakushika mkono likupeleke kwa jingine."

"Na nikikutana na mbovu?"

"Ipe dakika kumi. Dakika kumi zikipita hujaona mtu anaosha chombo, anashona, anapika, anafanya kazi yoyote ya mikono, achana nayo. Walioitengeneza hawajui watu."

Alichukua kipande cha karatasi ya mfuko wa unga, akaandika majina ya filamu tatu kwa penseli, akampa.

Ya kwanza waliyoitazama ilikuwa anime ya dada wawili walioishi kwenye nyumba ya mlimani. Dakika ya sita walianika nguo. Upepo ukalichukua shuka moja, na dada hao wakalifuata siku nzima, wakipita mashamba, madaraja na kijiji ambamo hakuna aliyesema neno. Kitinda alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea magoti ya mama, akasoma kwa sauti maandishi ya chini ya picha na kueleza alichokiona. Mwanzoni alijaribu kuweka sauti za kutafsiriwa, lakini mama alikataa katakata.

"Rudisha sauti zao wenyewe. Hizi zimebandikwa kama meno ya mtu mwingine."

"Lakini hujui Kijapani, mama."

"Nilikuwa naunganisha watu wa lugha kumi na sijui hata moja kati ya hizo. Endelea kusoma."

Shuka likaruka juu ya mto. Kitinda akasema, "Sasa limetua kwenye mti, mama, limejaa upepo kama tumbo la mjamzito." Mama akanyanyua mkono kumnyamazisha.

"Huyo dada mkubwa amefiwa," alisema. "Na mdogo wake hajaambiwa."

Ikapita karibu nusu saa kabla filamu yenyewe haijasema hivyo. Kitinda aligeuka kumtazama mama yake. Mama alikuwa macho wazi, mikono imetulia mapajani, na wala hakuwa na dalili ya kusinzia.

Tangu siku hiyo alasiri zao zilibadilika. Walifuata majina kama Hamira alivyosema. Mpiga muziki wa filamu ya shuka aliwapeleka kwenye filamu ya watu halisi, ya mfuga nyuki bubu na binti yake, na mwongozaji wa hiyo akawapeleka kwenye nyingine ya mtu anayetengeneza vinanda katika shule iliyofungwa. Nyingine ziliwashinda, wakaziacha kwenye dakika ya kumi bila majuto. Nyingine walizirudia mara mbili. Pazia likiwa limefungwa nusu, jua la alasiri lilichora mstari ukutani, ukasogea, ukapanda dari, ukafifia, na wao bado wako mlimani. Kitinda akawa anayachukua aliyoyaona hadi kazini. Alikuwa akiukanda unga alfajiri, ghafla unga unakuwa shuka, unajaa upepo mikononi mwake, na inabidi Hamira amwite mara mbili.

Alijifunza pia kusimulia. Zamani alisema, "Mwanamke anaingia." Sasa alisema, "Mwanamke anaingia, anagusa meza kwa kidole kimoja, kama anayeangalia vumbi, lakini haangalii vumbi." Mama alipenda hivyo. "Ungefaa kuwa opereta," alimwambia siku moja, na Kitinda alijisikia kama amepandishwa cheo.

Mwezi wa tisa walienda kliniki ya macho kama kawaida. Daktari alimpima mama kwa muda mrefu, akamwomba asubiri kwenye benchi, kisha akamwita Kitinda pembeni, kwenye ushoroba uliokuwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Alimwambia kwa upole kwamba mshipa wa jicho la kushoto umechoka. Matone yanachelewesha tu. Huo mwanga uliobaki nao utaondoka, pengine kabla ya mwaka kwisha.

"Amesemaje?" mama aliuliza aliposikia hatua za binti yake.

"Amesema tuendelee na matone."

Halikuwa uongo. Ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu nyingine Kitinda aliimeza.

Siku nne baadaye waliweka filamu ya tatu kwenye karatasi ya Hamira, ambayo walikuwa wameihifadhi kwa sababu alisema si ya siku yoyote tu. Ilikuwa anime ya mzee aliyetembea kwenye theluji akiwa amebeba mlango mgongoni, mlango mzima wa mbao, wenye kitasa na bawaba. Nyumba yake ilikuwa imeporomoka, na mkewe alikuwa ndani. Mzee aliokoa mlango tu. Alitembea nao kutoka mji hadi mji akitafuta ukuta wa kuuweka, na kila mahali watu walimkaribisha chai wakamwambia hapana.

Mwishoni alifika mahali ambapo hapakuwa na kitu, hata mti. Theluji na anga vilikuwa rangi moja. Mzee aliusimamisha mlango pale katikati, akaupangusa, akaufungua, akapita. Mlango ukajifunga nyuma yake. Picha ikazunguka taratibu hadi upande wa pili, na huko hapakuwa na mtu. Ilikuwa theluji tu, bila hata alama ya mguu.

Kitinda aliiweka rimoti sakafuni. Aliyatazama magoti ya mama, kisha akasema haraka, "Amefika, mama. Mkewe alikuwa anamsubiri ndani. Kuna moto. Wamekumbatiana."

Muziki wa mwisho ukapigwa, majina yakapita, Kitinda asiyasome.

"Mlango umefungwa," mama alisema hatimaye. "Baada ya hapo hapakuwa na hatua. Hapakuwa na moto, moto una sauti. Mtu aliyefika nyumbani kutoka kwenye theluji anapiga miguu chini, anavua viatu, anapumua. Huyo hakupumua."

"Mama..."

"Nimepoteza macho, sijapoteza akili. Miaka thelathini na mmoja, Kitinda. Nilikuwa nasikia watu wakidanganywa mchana kutwa, tena na watu wanaowapenda. Najua sauti inavyokimbia." Akamgeuzia uso. "Na hii sauti si mara ya kwanza kuisikia wiki hii. Ulikimbia hivyohivyo pale kliniki. Daktari alisema nini?"

Mstari wa jua ulikuwa umefika kwenye kona ya dari. Kitinda aliukazia macho, kisha akamwambia yote, kuanzia mshipa hadi mwisho wa mwaka. Alipomaliza, mama alisimama, akaenda dirishani bila kupapasa, akasimama akiwa ameelekeza uso kwenye pazia.

"Niache kidogo," alisema.

Siku tatu hawakuwasha televisheni. Mama alijibu alipoulizwa, akala alichopewa, akashukuru kwa maneno ya mgeni. Hilo la kushukuru ndilo lililomuuma Kitinda kuliko yote. Kazini aliunguza trei nzima. Hamira aliitazama ile mikate myeusi, akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuumua neno. Alichukua trei, akaimwaga, akamwambia akae kwenye magunia, akaendelea na kazi ya watu wawili hadi asubuhi ikapambazuka.

Siku ya nne, Kitinda alipofungua mlango wa nyumbani, alimkuta mama amekaa kwenye kiti chake, rimoti mkononi, ameishika kichwa chini miguu juu.

"Ule mwisho wa mzee wa mlango," alisema. "Uweke tena. Safari hii niambie kilichopo."

Kitinda aliketi sakafuni bila kuvua viatu vya kazi, akautafuta mwisho. Akasimulia. Hakuna mtu, mama. Hakuna nyumba. Mlango umesimama peke yake, na kitasa chake kina theluji kidogo juu. Alipofika pale picha inapozunguka, sauti yake ilikatika, akairudisha.

Mama alisogeza kichwa mbele.

"Hapo," alisema. "Simamisha. Hapo pote ni peupe, siyo?"

"Ni peupe pote, mama. Kama karatasi."

"Hata siku ile nilipaona. Nilidhani nimekosea." Alinyoosha mkono kuelekea kioo cha televisheni, vidole vikiwa wazi kama mtu anayeota moto. "Naona weupe wake. Kumbe ni mzuri hivi." Kisha akasema, kwa sauti yake ya zamani ya kazini, ile iliyozoea kupanga foleni ya watu wenye haraka, "Basi sikiliza. Kama huu mwanga unaondoka, sitaki uondoke kwenye taa ya jikoni. Nitafutie filamu zenye mwanga mwingi. Hadithi tutaijali baadaye."

Ndipo ikaanza kazi ambayo Kitinda hakuwahi kusikia mtu mwingine akiifanya. Huduma ile ilikuwa na mafungu ya mapenzi, vita, vichekesho na mambo ya kutisha, lakini hakukuwa na fungu la weupe. Ilimbidi aende nyuma na mbele, akiruka ndani ya filamu dakika mbili hapa, tatu pale, akitazama pembe za picha badala ya watu. Alimwambia Hamira, na Hamira aliumuka haswa. Kesho yake alikuja na karatasi ya mfuko wa unga iliyojaa pande zote mbili. Kulikuwa na ya wachota chumvi kwenye uwanda mkavu usio na mwisho. Kulikuwa na ya kijiji cha wafua mashuka. Kulikuwa na anime ya msichana aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kutengeneza mawingu, na pembeni yake Hamira alikuwa ameandika: *dakika ya arobaini, usipepese.*

Kitinda alisogeza kiti cha mama hadi hatua mbili kutoka kwenye kioo. Alishusha mapazia yote, ili mwanga wa chumba uwe mmoja tu. Wiki hizo nyumba ile ilikuwa kama iko chini ya maji. Chumvi iling'aa, barafu ikang'aa, mawingu yakamwagika moja baada ya jingine kutoka kwenye mashine, na mama akakaa mbele yake akiwa amefungua uso wote.

"Mwanga wa kuchorwa umetulia," alisema siku moja. "Ule wa kamera unatetemeka kidogo, kama mtu mwenye baridi. Huu wa kuchorwa unakaa."

Wakati mwingine Kitinda alisahau kusimulia. Aligeuka na kuitazama filamu usoni pa mama: mawingu yalipita kwenye paji lake, jua la uwanda wa chumvi likachomoza kwenye shavu moja na kuzama kwenye la pili. Mama hakulalamika kwa ule ukimya. Walikaa hivyo, mmoja akitazama kioo na mwingine akimtazama anayetazama, hadi majina yalipoanza kupita.

Oktoba ikaisha, na Novemba pia. Ndugu walipiga simu Jumapili, mama akawaambia mwenyewe habari ya jicho, kwa maneno machache, kisha akawaeleza kwa robo saa habari ya kiwanda cha mawingu. Kaka mkubwa alimuuliza Kitinda kwa siri kama mama yuko sawa. "Kuliko mimi," Kitinda alijibu.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa mwisho wa mwaka. Kitinda alikuwa amepata filamu ya watu wanaovuka ziwa lililoganda, nyeupe mwanzo hadi mwisho, na alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota lulu. Aliiwasha. Chumba kikajaa mwanga hadi vumbi la hewani likaonekana. Mama alikaa uso mbele, kama kawaida yake. Dakika ya tano ikapita, ya nane ikafuata. Kisha akainamisha kichwa upande, vile alivyokuwa akifanya zamani, sikio likitangulia.

"Zima hiyo, mwanangu."

"Hujaipenda?"

"Nzuri. Lakini barafu haina mengi ya kusema." Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani. "Tafuta yenye mvua."

Kitinda alielewa. Hakuuliza tangu lini, kama ilikuwa asubuhi ile au jana yake. Alichukua rimoti, na kwa muda picha zote kwenye kioo zilikuwa maji matupu, hata akashindwa kusoma. Mama alinyoosha mkono, akautafuta utosi wake, akauacha pale.

Walipata filamu ya nchi wasiyoijua, ya fundi cherehani aliyekodi chumba cha juu kabisa katika jengo lililozeeka. Mvua ilianza kabla ya jina kutokea. Ilianza kwa matone ya hapa na pale, ikazidi, ikawa ngurumo moja nene iliyojaa chumba hadi kwenye miguu ya kiti.

"Bati," mama alisema, macho yakiwa yamefumbwa. "Bati jembamba, lina kutu upande mmoja. Dirisha liko wazi. Na kuna ndoo, paa linavuja. Iko kulia, mbali kidogo."

Kitinda aliangalia. Nyuma ya cherehani, kwenye kona ya kulia ambayo macho yake yalikuwa yameiruka, kulikuwa na ndoo ya bluu, na tone lilikuwa linadondoka ndani yake.

"Ipo, mama," alisema, akafuta uso kwa mkono wenye unga. "Ni ya bluu."

"Bluu," mama alirudia, akajiegemeza kwenye kiti. "Haya. Na huyo fundi anashona nini?"